Fundi Cherehani wa Kitanda cha Dirishani

Wodi ya Magonjwa ya Ndani
3 Machi

Kwako Kimbelembele,

Salamu za nyumbani umeshazipata kwenye simu, huku Mama akininyang'anya kila nikitaka kusema neno, kwa hiyo sizirudii. Simu ni ya Mama, barua ni ya udaktari. Hayo ndiyo makubaliano yetu tangu ulipohamia hospitali ya rufaa ukaniacha huku na wodi yangu, na dereva wa gari la sampuli ameshazoea kubeba bahasha zetu katikati ya chupa za damu za watu.

Cha kushangaza ulichonitumia safari hii nimekisoma mara mbili. Yaani dawa iliyotengenezwa ili mgonjwa wa kisukari aikojoe sukari yake, wakaipima kwa wasiwasi isije ikaudhuru moyo, wakakuta moyo ndio umepata nafuu, figo nazo zimepata nafuu, na hata asiye na kisukari inamfaa? Na asili yake ni kitu kilichopatikana kwenye magome ya mtufaha, karibu miaka mia mbili iliyopita? Nilimsimulia Sista mkuu wa wodi, akaniambia nisimpigie chuku asubuhi na mapema. Sasa bibi wa kitanda cha mlangoni, yule aliyekuwa akilala ameketi kwa sababu ya maji kwenye mapafu, ameianza mwezi uliopita. Juzi ameomba apunguziwe mito. Nilisimama pale nikimtazama anavyopumua, nikafikiria mti wa matunda.

Changu ni hiki. Wametafiti wagonjwa wenye bakteria kwenye damu, wakakuta kwa wengi wao siku saba za dawa zinatosha sawasawa na kumi na nne. Miaka yote hii nimewafunga watu kwenye dripu wiki mbili kwa sababu mwalimu wetu alisema wiki mbili, naye aliambiwa na mwalimu wake.

Nikuletee na mgonjwa. Yuko kitanda cha dirishani. Mwanamume, miaka sabini na minane, fundi cherehani. Amekuwa na presha kwa muda mrefu, sasa ni nzuri. Miguu inavimba jioni, anahema akipanda ngazi, mapigo yanakwenda mbio. Picha ya moyo kwa altrasaundi: kuta nene, moyo unasukuma vizuri lakini unajaa kwa shida. Mikono inakufa ganzi, yote miwili. Nimpe nini? Jibu kama ungemjibu daktari yeyote.

Kaka yako,
Kobe


Hospitali ya Rufaa
14 Machi

Kaka,

Ati bibi ameomba mito ipunguzwe. Nimewasomea wanafunzi wangu mstari huo, nikawaambia majedwali yote ya majarida ya udaktari yana maana hiyo tu.

Cha kushangaza changu hiki kitakuuma. Ile aspirini tunayowapa wazee wazima, wasiowahi kupata shida ya moyo wala kiharusi, eti ya kuwakinga. Wamewafuatilia maelfu kwa maelfu, nusu wakipewa aspirini, nusu kidonge kisicho na kitu. Wazee wale hawakupata faida ya maana, na kutokwa damu kuliongezeka. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo usimwondolee, huyo inamfaa. Lakini najua wewe umeigawa mjini kwako kama peremende.

Kuhusu fundi wako: moyo wa presha uliokakamaa. Ni mzee, presha imemla miaka mingi, kuta zimenenepa. Mpe dawa yetu ya mtufaha, mpe na ya kupunguza maji. Kama mapigo yanakwenda mbio, ongeza ile ya kuyatuliza, moyo upate nafasi ya kujaa. Mikono ni ya kazi yake. Ukiinamia cherehani maisha yako yote, mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono lazima ubanwe. Mfunge kibao alalapo. Katika umri huo nisingemsumbua kwa safari ya kuja huku kwa vipimo.

Samahani kwa kuandika kwa kompyuta. Kalamu siku hizi inanichosha upesi.

Mdogo wako


Wodini
2 Aprili

Kimbelembele,

Fundi ameanguka. Nilifuata ushauri wako, nikaongeza dawa ya kutuliza mapigo. Siku chache baadaye, asubuhi wakati wa kupita vitandani, alisimama na dunia ikageuka. Alijikuta sakafuni akitazama feni ya darini na Sista mkuu akimpepea kwa faili. Hakuvunjika kitu. Nimemwachisha dawa ile na amepata nafuu kidogo, lakini sasa hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati.

Kuna jambo jingine linaloninyima raha. Nilimpima umeme wa moyo. Kwenye altrasaundi kuta ni nene mno, na ukuta mnene ungetoa umeme mkubwa, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu mistari yake ni midogo, inatambaa tu kwenye karatasi. Nilidhani mashine imeharibika, nikampima Sista, yake ikaruka vizuri kabisa. Na ile presha niliyokuambia ni nzuri, ni nzuri bila dawa hata moja. Alikuwa anameza tatu. Zimeondoka moja moja zenyewe kwa sababu zilikuwa zinamshusha mno.

Aspirini imeniuma kweli. Leo mimi sina cha kushangaza.

Kaka yako


Hospitali ya Rufaa
5 Aprili

Kaka,

Dereva anageuza gari leo hii na nimemwomba anisubiri. Nilisoma barua yako nimesimama koridoni, na ulipofika pale pa ukuta mnene na umeme mdogo, nywele zilinisimama. Kama moyo ungekuwa umenenepa kwa nyama, umeme ungekuwa mkubwa. Basi kilichounenepesha si nyama.

Kuna protini inayotengenezwa na ini. Kazi yake ni uchukuzi: inabeba homoni ya tezi na vitamini A. Ina vipande vinne vilivyoshikana, na maadamu vimeshikana hakuna shida. Kwa baadhi ya watu vinaachana, vinajikunja vibaya, na kuganda kidogo kidogo mwilini kama mashapo kwenye bomba la maji. Ugonjwa wenyewe unaitwa amiloidi. Sisi tulisoma ukurasa mmoja juu yake, na mwalimu akasema ni nadra, wengi hujulikana wakishakufa. Sasa wameanza kuutafuta kwa wazee wenye moyo uliokakamaa, na wanaukuta kwa wengi kuliko tulivyoambiwa. Moyo ule haupendi kutulizwa mapigo. Unaishi kwa kwenda mbio, kwa kuwa kila pigo linatoa damu kidogo. Nami nikakwambia umtulize.

Kinachonishangaza zaidi ni njia yake. Hauanzii moyoni. Miaka mingi kabla, unapita kwanza kwenye vifundo vya mikono, mgongoni, kwenye kano. Mwili unatoa taarifa mapema kabisa, na sisi tunaigawa: mikono kwa daktari wa mifupa, mgongo kwa wa kukanda, moyo kwetu.

Na kipimo chake ni kile cha kuchunguza mifupa. Unachomwa dawa yenye mionzi kidogo inayokimbilia mifupani, halafu unapigwa picha. Kwa wagonjwa hawa inakimbilia moyoni. Ukijumlisha na damu na mkojo, kuhakikisha si ile aina nyingine inayotoka kwenye uboho, wengi hawahitaji hata kukatwa kipande cha nyama ya moyo cha kupima. Dawa ipo pia, Kaka. Inaingia katikati ya vile vipande vinne na kuvishikilia visiachane. Haiondoi mashapo yaliyokwisha tua, inapunguza mengine yasiongezeke, ndiyo maana kuwahi ni kila kitu.

Chukua na hiki, kwa kuwa barua iliyopita hukuwa nacho. Wazee watatu wa ugonjwa huu, waliokuwa wakisubiriwa wazidi kudhoofika, walipigwa picha tena, na mioyo yao ikakutwa imejisafisha. Yenyewe. Walipochunguzwa, kinga za miili yao zilikuwa zimeyatambua mashapo na kuyashambulia. Nimeisoma makala ile mara sijui ngapi.

Sasa nijibu kuhusu fundi. Ganzi ilianza mkono upi? Mgongo unamsumbua? Amewahi kukatika kano ya mkono wa juu, msuli ukajikusanya kama yai? Na usinipunguzie wala kunizidishia.

Mdogo wako


Wodini
11 Aprili

Kimbelembele,

Ganzi ilianza kushoto, ingawa anatumia kulia. Hilo nilipaswa kuliona mwenyewe.

Mgongo ndiyo. Akitembea kidogo miguu inakuwa mizito mpaka ainame.

Kano ndiyo. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa akibeba kabati na mtu mwingine. Akasikia kitu kimekatika mkononi kama uzi, msuli ukapanda. Hakusema kitu, akamalizia kubeba kwanza.

Anashukuru kwa habari za wale wazee watatu. Amesema ni jambo zuri kulijua hata kama halimhusu.

Kaka yako


Hospitali ya Rufaa
15 Aprili

Kaka,

Upande wa pili wa kabati hilo nilikuwa nimeushika mimi.

Ni kabati la Mama. Tulilitoa chumba cha nyuma siku ya kupaka rangi, nikakuona umekunja uso, nikakuuliza, ukasema tusiliweke chini maana hatutaweza kuliinua tena. Kesho yake mkono wako ulikuwa na yai, ukasema umelalia vibaya. Nami daktari mzima nikakubali.

Fundi cherehani wa miaka sabini na minane! Una miaka sitini na miwili na hujawahi kushona hata kifungo chako. Nimekasirika mpaka nimefunga mlango wa ofisi, nikalia, nikaufungua, nikaufunga tena. Dozi iliyokuangusha niliiandika mimi. Ungeniambia ni daktari, mtu ambaye kazi yake ni kushika kalamu na kuweka kipimo kifuani kwa watu, ningeuliza kuhusu mikono ile siku ile ile. Ukanipa cherehani nikaisukumia lawama zote. Ukanipa uzee nikaulaumu nao. Umebadilisha kila kitu isipokuwa dalili, kwa sababu dalili huwezi kuidanganya hata ukitaka, na nashukuru kwa hilo tu.

Halafu nikamkumbuka Baba. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiangusha chaki, darasa likicheka, naye akiinama kuiokota anacheka pamoja nao. Mama akimfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na sisi tukisema wanapendana. Walipendana, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Miguu ikavimba, akaanza kulala ameketi, wakasema presha. Alifariki hajafika miaka sitini na saba. Nimekaa na jambo hili siku mbili na bado sijalizoea, kwamba Baba alikuwa akituonyesha ugonjwa wake ubaoni kila siku.

Kuna aina yake inayorithiwa, na inawapata sana watu wenye asili ya bara letu. Njoo. Hospitali yetu imo kwenye mpango unaotoa dawa na kufuatilia wagonjwa, lakini wanapokea wale ambao moyo haujachoka kabisa. Bingwa wa moyo anataka kumwona mtu akitembea korido yake kwa miguu yake mwenyewe. Kila wiki unayojificha ndani ya gamba hilo, korido inarefuka.

Mdogo wako, na usiniite Kimbelembele mpaka ufike


Nyumbani
20 Aprili

Mdogo wangu,

Umeshinda.

Nilitaka jibu la daktari. Ungejua ni mimi, ungekuwa mdogo wangu kwanza, na mdogo wangu huogopa halafu ndipo hufikiri. Ndivyo nilivyojiambia. Kumbe nimekunyima kitu pekee ambacho hakimo kwenye jarida lolote, kwamba unaujua mwili huu tangu nikikubeba mgongoni.

Nikwambie nilivyojua. Nilijifungia chumba cha picha, nikajipaka yale mafuta ya baridi kifuani, nikajishikia kipimo mwenyewe kwa mkono wenye ganzi. Moyo wangu ukaja kwenye kioo. Nimewaonyesha watu mioyo yao miaka yote hii nikidhani ninajua wanachokiona. Ulikuwa ukifanya kazi bila kunijali, kuta zake nene zinang'aa, nzuri kutazama, na nikaona wazi kuwa zinashindwa kulegea. Umeme alinipima Sista, nikamwambia najaribu mashine. Alinitupia jicho la shaka, hajaniamini mpaka leo.

Lakini kuja siwezi sasa. Wodi haina daktari mwingine mpaka mwezi ujao. Hiyo ndiyo sababu ninayompa kila mtu. Wewe nakupa na nyingine: naogopa. Wakati Baba anaondoka mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia mto mgongoni, na nikikumbuka alivyokuwa akiitafuta pumzi, afadhali nisiione hiyo picha ya mionzi. Nipe muda kidogo.

Kaka yako


Nyumbani
24 Aprili

Wifi yangu,

Nisamehe, sijui kuandika barua za kidaktari. Nimesoma zako zote, alikuwa amezifungia kazini na Sista mkuu akanipa ufunguo. Kumbe nimeolewa na fundi cherehani, na miaka yote hii napeleka nguo zetu kwa jirani.

Kaka yako hatakuja kwa hiari. Anasema mwezi ujao, na mwezi ujao atasema mwingine. Kwa hiyo mimi na Sista tumekula njama. Ameshampata daktari wa kushika wodi, kijana wa zahanati ya jirani, ambaye alikuwa tayari tangu mwanzo, hakuna aliyemuuliza. Kesho gari la sampuli likija, kaka yako ataambiwa aingie aangalie boksi lililovuja. Akishakaa, dereva anaondoa gari. Dereva ameuliza aseme amebeba nini, Sista akamwambia sampuli moja, kubwa, isitikiswe.

Bado anatembea mwenyewe, ila anasimama kila mlango akijifanya anasalimia watu. Nilipoolewa mama yenu aliniambia mwanawe hapigi kelele akiumwa, nikafikiri ananisifia mtu. Nifanyie hisani moja, wifi. Mrudishe akiwa anapumua vizuri. Mengine tutayazungumza.

Wifi yako


Nyumbani
9 Juni

Kimbelembele,

Nimerudi salama, dereva amenichekesha njia nzima akiniita sampuli isiyotikiswa, na wifi yako amenipokea kama mtu aliyetoka vitani. Kidonge ninameza. Presha naiacha ijiendee yenyewe, maji yamepungua, jana nimepanda ngazi za wodi nikasimama mara moja tu, na mara hiyo kweli nilikuwa nasalimia mtu.

Tulipokuwa pamoja sikuweza kusema juu ya picha ile, kwa hiyo nasema sasa. Bingwa wa moyo aligeuza kioo nikaiona mifupa yangu yote imefifia kama mistari ya penseli, na katikati yake moyo unawaka. Nilidhani nitaogopa. Niliogopa, lakini kilichonijia kwanza ni mshangao. Nilikuwa nakiangalia kilichomuua Baba. Alikufa bila kulijua jina la kitu hicho, na sisi wote tuliokuwepo hatukuwa nalo, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nakitazama kwa macho. Nilitamani angekuwepo akione. Angeuliza kimehesabiwaje.

Kisha ile korido. Nilikuwa nahesabu milango huku nimeshika ukuta kwa macho, wewe umesimama mwisho kabisa na mikono mifukoni. Nilifika. Bingwa akaniandika kwenye mpango wa dawa, ukanikumbatia, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu yako.

Jibu la vinasaba umeliona, ninayo aina ya kurithi. Mama bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo nadhani sote tunajua imetoka kwa nani. Kwako uwezekano ni nusu kwa nusu. Siku zote nilizolala kwenu, asubuhi ukiamka ulikuwa ukikung'uta mkono wa kulia kama mtu anayemwaga maji. Kopo la sukari ulimpa mumeo alifungue. Na barua zako zote mwaka huu ni za kompyuta, wewe ambaye mwandiko wako Baba aliutundika ukutani. Nilikuwa najishughulisha na ugonjwa wangu, sikuuliza. Sasa nauliza.

Niletee mgonjwa huyo. Jipime kila kitu, kisha uniandikie kwa mkono, hata kama utakuwa mwandiko wa kuku. Na usimbadilishie kazi.

Kaka yako,
Kobe aliyetolewa ndani ya gamba


Hospitali ya Rufaa
2 Julai

Kaka,

Huu ndio mwandiko. Nimepumzika mara mbili mpaka hapa, lakini uliutaka.

Mwanamke, miaka hamsini na minne, daktari wa magonjwa ya ndani, si fundi wa kitu chochote. Ganzi mikono yote miwili, ilianza kulia, huu ni mwaka wa pili. Alijua. Kila akiandika swali kuhusu mikono ya fundi alikuwa anaona yake mezani, akaendelea kupiga chapa. Baba yake alifariki kwa moyo. Kaka yake anaumwa ugonjwa huo na yuko kwenye dawa. Jibu la vinasaba: anayo.

Picha ya moyo kwa altrasaundi ni ya kawaida. Umeme ni wa kawaida, unaruka kama wa Sista wako. Kisha wakanichoma ile dawa, nikalala kwenye mashine, na bingwa akanigeuzia kioo kama alivyokugeuzia wewe. Akapunguza taa ili nione vizuri. Mifupa yangu ilikuwa inawaka yote, mbavu, uti wa mgongo, mabega. Pale palipo moyo palikuwa na giza. Nikamwomba aniache na picha ile kidogo. Sijawahi kuona kitu kizuri kama giza lile, Kaka. Mashapo hayajafika pale. Yameishia mikononi, na nitapimwa kila mwaka, na siku yakijaribu kutua moyoni tutayakuta mlangoni na dawa mkononi. Baba haikumwahi. Wewe imekupata umeshaanguka. Mimi inanisubiri, nimekaa nayo chumba kimoja, na sijui nimshukuru nani kwa kuzaliwa wa mwisho.

Niliyekuwa namfikiria pale ni wewe. Kama usingenijibu kwa uaminifu kuhusu kabati, nisingekuwa nimelala kwenye mashine ile.

Mgonjwa anaomba ushauri wako. Amesema atakufuata neno kwa neno, na kwamba akija likizo yuko tayari kulirudisha kabati la Mama chumba cha nyuma, daktari wake akimruhusu.

Mdogo wako,
Kimbelembele